Mzazi na Mwalimu katika Nchi ya Masasi na Newala

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii husemwa katika kila mkutano wa wazazi na walimu, na kwa kuwa husemwa mara nyingi, imekuwa kama sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi hata chapa yake ikafutika. Husemwa kana kwamba ushirikiano wa mzazi na mwalimu ni jambo jepesi, lisilohitaji ila nia njema. Historia ya kusini mwa Tanzania yaonyesha vingine. Katika nchi ya Masasi na Newala, tangu shule ya kwanza ilipofunguliwa katika karne ya kumi na tisa, ushirikiano huo umetafutwa, ukapatikana, ukapotea, na ukatafutwa tena. Kila ulipopatikana, ulipatikana kwa masharti. Na hapana upande uliopata kitu pasipo kutoa kitu.

Ili mambo hayo yafahamike, sharti kwanza nchi yenyewe ijulikane. Masasi imelala katikati ya vilima vya mawe vilivyosimama peke yake katika tambarare. Mtandi ni mahali pa kanisa kuu, na jina la Mkomaindo limebaki katika hospitali inayotumikia wilaya hiyo. Upande wa mashariki uwanda wa Makonde huinuka kama ukuta, na Newala umekaa ukingoni mwake, ukitazama chini katika bonde la mto Ruvuma. Juu ya uwanda huo ardhi ni ya mchanga, nayo hunywa mvua upesi isiache kijito wala chemchemi. Kabla ya mabomba kuwekwa katika miaka ya 1950, akina mama na watoto walishuka magenge kutafuta maji na kupanda tena na mitungi vichwani. Mwalimu aliyelalamika kwamba watoto wachelewa kufika darasani, aghalabu alikuwa akilalamikia jiografia.

Wenyeji wa nchi hiyo ni Wamakua, Wayao na Wamakonde, pamoja na Wamwera upande wa kaskazini. Makabila hayo hutofautiana kwa lugha na kwa mengi mengine, lakini yanafanana katika jambo moja kubwa: mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa desturi ya zamani, mwenye neno la mwisho juu ya kijana hakuwa baba aliyemzaa bali mjomba, ndugu wa mama. Mjomba ndiye aliyeulizwa posa ilipoletwa, ndiye aliyelipa deni la mpwa wake, na ndiye aliyetoa idhini ya kijana kuingia jandoni. Wageni waliofika kufundisha walitoka katika nchi ambazo baba ndiye mkuu wa nyumba. Walipotaka kuzungumza na mzazi walimwita baba. Na baba alikubali kwa adabu, akarudi nyumbani, na neno lisifanyike, kwa sababu halikuwa neno lake. Hilo lilikuwa kosa la kwanza katika uhusiano wa shule na nyumba, na lilichukua miaka mingi kutambuliwa.

Wala haikuwa kweli kwamba kabla ya shule watoto wa nchi hiyo walikua bila mafundisho. Jando la wavulana na unyago wa wasichana vilikuwa shule kamili. Vilikuwa na majira yake, baada ya mavuno, chakula kilipokuwa kingi ghalani na kazi chache shambani. Vilikuwa na walimu wake, yaani ngariba, makungwi na masomo waliomshika kila mwali. Vilikuwa na masomo yake: adabu mbele ya wakubwa, uvumilivu wa maumivu, mambo ya ndoa, nyimbo na mafumbo ambayo maana yake haikufunuliwa kwa asiyehusika. Vilikuwa pia na cheti chake, maana kijana aliingia kumbini akiwa mtoto, akatoka ana jina jipya na nafasi mpya kati ya watu. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, alitumia sehemu kubwa ya safari yake kutazama na kuandika habari za sherehe hizo, kwa kuwa aliona kwamba ndizo zilizobeba maisha ya jamii nzima. Mtu asiyepita jandoni, hata awe na elimu ya vitabu kiasi gani, mbele ya wazee alihesabiwa mtoto.

Shule ya kwanza ya Masasi haikukutana na fumbo hilo mara moja, na sababu yake ni ya huzuni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi UMCA, aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Wengi wao asili yao ilikuwa bara, katika nchi za kuelekea ziwa Nyasa, na nia ilikuwa kuwarudisha karibu na makwao. Walipita Lindi, wakapanda bara, na walipofika Masasi wakaona nchi njema yenye maji na rutuba, wakakaa. Hicho kikawa kijiji cha watu huru. Watoto waliozaliwa au kulelewa humo hawakuwa na wajomba wa kuulizwa wala ukoo wa kuwadai. Biashara ya watumwa ilikuwa imekata kamba zote hizo. Kwa hiyo misheni ilikuwa mzazi na mwalimu kwa pamoja. Iliwalisha, iliwavika, iliwafundisha na kuwaoza. Wale waliofaulu walipelekwa chuo cha Kiungani, Unguja, kusomea ualimu. Mfumo huo ulikuwa rahisi kwa mwalimu, maana hakuna aliyempinga. Lakini ulimzoeza kudhani kwamba mtoto ni wa shule peke yake.

Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara na watu wa kusini, waliivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Misheni ilihamia Newala, karibu na Matola, jumbe wa Kiyao aliyekuwa na nguvu katika sehemu hizo. Kuhama huko kuligeuza mambo. Newala mwalimu hakuwa tena bwana wa kijiji chake. Alikuwa mgeni wa mtu. Watoto aliotaka kuwafundisha walikuwa watoto wa watu huru, wenye mama, wajomba na mababu, na kila mtoto alikuwa na mkono wa nyumbani kwake. Sasa ilimbidi kuomba.

Majumbe nao walikuwa na sababu zao za kusikiliza. Mtu aliyejua kusoma na kuandika angeweza kuandika barua kwenda pwani, na urafiki wa misheni ulikuwa na faida katika siku za hatari. Lakini jumbe aliweza kuruhusu nyumba ya shule ijengwe. Hakuweza kumlazimisha kila mjomba ampeleke mpwa wake. Kazi hiyo ilihitaji mtu aliyejua kukaa na wazee. Mtu wa namna hiyo alipatikana Chitangali mwaka 1886, alipopelekwa huko Cecil Majaliwa. Yeye alikuwa Myao kwa kuzaliwa, akachukuliwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani na kisha Uingereza. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa daraja ya upadri. Chitangali alikaa karibu na jumbe Nakaam, akafundisha na kuhubiri kwa lugha ya wenyeji, na kazi yake ikastawi kuliko nyingi zilizoongozwa na wageni. Siri yake haikuwa kubwa. Alijua nani aulizwe kwanza, na kwa maneno gani.

Hata hivyo, jambo moja halikutatuliwa kwa lugha nzuri peke yake, nalo ni jando. Kwa mmisionari, jando lilikuwa ngoma ya usiku, nyimbo za matusi na sadaka kwa mizimu. Kwa mzee wa kijiji, kijana asiyepelekwa jandoni alikuwa amenyimwa utu. Msimu ulipofika shule zilikuwa tupu. Mwalimu aliyewafukuza wavulana walioingia kumbini alijikuta hana wanafunzi; na mwalimu aliyenyamaza alionekana ameikana imani yake. Kijana mwenyewe alisimama katikati. Akimtii mwalimu, alikosa mke na heshima. Akimtii mjomba, alikosa kitabu na ubatizo. Huo ndio mzigo halisi wa ugomvi wa watu wazima, kwamba hubebwa na mtoto.

Kabla ya swali hilo kupata jibu, nchi ilipita katika dhoruba mbili. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliwasha moto kusini yote. Wamisionari wa Masasi walikimbilia pwani na kituo chao kikaharibiwa. Wabenediktini Wakatoliki walipoteza vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao, na mwaka uliofuata wakaanzisha kituo kipya Ndanda, ambacho baadaye kilikuwa mahali mashuhuri pa shule na hospitali. Kisha mwaka 1914 ikaja Vita Kuu. Wamisionari Waingereza walizuiliwa na serikali ya Kijerumani, baadhi ya walimu Waafrika walitiwa mbaroni, na wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi. Mwaka 1917 majeshi yalipigana Mahiwa, na mwezi Novemba jeshi la Wajerumani likavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Njaa na maradhi vilifuata nyuma ya majeshi.

Katika dhoruba zote mbili mzungu aliondoka, na yaliyobaki yalibaki kwa mapadri na walimu wenyeji na kwa wanavijiji. Nyumba ya shule haikuwa ila miti, udongo na nyasi. Ikiungua, ilijengwa tena na mikono iliyoijenga kwanza, mradi wenye mikono hiyo wataka. Mahali palipokuwa na maelewano kati ya mwalimu na wazee, shule ilirudi. Mahali ilipokuwa kitu cha wageni, nyasi ziliota sakafuni. Jambo hilo lilifundisha zaidi ya ripoti yoyote.

Vincent Lucas alifika Masasi mwaka 1909, na dayosisi ya Masasi ilipotengwa na ile ya Zanzibar mwaka 1926, yeye akawa askofu wake wa kwanza, akaendelea hadi mwaka 1944. Jina lake linakumbukwa kwa sababu ya uamuzi ambao wamisionari wengi wa wakati wake waliuogopa. Badala ya kulipiga marufuku jando, alikubali liingizwe katika maisha ya kanisa. Kijana Mkristo angepelekwa kumbini kama wenzake, angetahiriwa, angefundishwa na kurudi nyumbani kwa shangwe. Lakini dua kwa Mungu zingechukua mahali pa sadaka kwa mizimu, nyimbo zenye matusi zingeachwa, na padri pamoja na walimu wangekuwa karibu na kumbi tangu mwanzo hadi mwisho. Kuwakumbuka wazee waliokufa hakukufutwa. Kuligeuzwa kuwa sala ya kuwaombea marehemu.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba ilikuwa kazi ya askofu peke yake. Haikuwa hivyo. Lucas asingeweza kujua ndani ya kumbi kuna nini, ni neno gani laweza kuondolewa bila jengo lote kuanguka, na lipi likiondolewa wazee wataondoka nalo. Elimu hiyo ilikuwa kwa mapadri na walimu Waafrika waliozaliwa katika desturi hizo, kama Kolumba Msigala, padri aliyeishi mabadiliko hayo na kuyaandika katika kumbukumbu zake. Wao walikuwa na miguu miwili: mmoja kanisani, mmoja barazani. Ndio waliokaa na wajomba, wakapima neno kwa neno, hata pande mbili zikapata kitu ambacho kila mmoja aliweza kukubali.

Yafaa kupima mapatano hayo kwa haki. Shule na kanisa zilitoa nini? Zilikubali kwamba elimu ya vitabu haimalizi malezi, kwamba wazee ni walimu, na kwamba kalenda ya kijiji ina haki yake. Wazee walitoa nini? Walitoa siri. Kumbi lililokuwa chini ya mamlaka yao peke yao sasa lilikuwa na jicho la padri. Wapo waliosema, na wapo watafiti wa siku za baadaye waliokubaliana nao, kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuuteka mji kwa kupitia lango lililo wazi. Wengine hawakukubali kabisa, wakabaki na jando lao. Na Waislamu, ambao idadi yao ilikuwa ikikua sana hasa kati ya Wayao, walikuwa na jando lao lenye dua za dini yao. Kwa hiyo katika kijiji kimoja yaliweza kuwako makumbi yasiyochanganyika, na watoto waliokaa dawati moja wakapelekwa porini njia mbalimbali. Pamoja na hayo yote, tunda moja halikanushiki: mvulana wa Masasi aliweza kuwa mwanafunzi na mtu wa kwao kwa wakati mmoja, bila kulazimishwa kuchagua.

Kwa wasichana mapatano hayakufika mbali hivyo. Jaribio la kuunda unyago wa Kikristo lilifanywa, lakini lilikutana na ukuta. Sababu yake ni wazi kwa anayetazama nani alikaa katika mazungumzo. Askofu alikuwa mwanamume, mapadri walikuwa wanaume, na wajomba walikuwa wanaume. Lakini wenye unyago ni wanawake, makungwi na mabibi, na mambo yao hayasemwi mbele ya wanaume. Waliposhauriwa baada ya uamuzi kufanywa, walijibu kwa kunyamaza, na sherehe zao zikaendelea nje ya uwezo wa shule na kanisa. Msichana alipovunja ungo alifichwa ndani, akachezwa, na aghalabu hakurudi tena darasani, kwa kuwa katika macho ya jamii amekwisha kuwa mwanamke. Shule za wasichana zilianzishwa, na Ndwika ikapata sifa. Lakini kwa mabinti wengi wa vijijini mlango wa shule ulifungwa siku ile mlango wa unyago ulipofunguliwa. Mwalimu alimlaumu bibi. Bibi alimshangaa mwalimu asiyejua umri wa kuolewa.

Wakati huo huo mkono wa tatu uliingia katika malezi, nao ni wa serikali. Baada ya mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 na sheria ya elimu ya mwaka 1927, serikali ya Kiingereza ilianza kutoa fedha kwa shule za misheni zilizotimiza masharti, na wakaguzi wakatumwa kuzitazama. Mishahara ya walimu ilikuwa na tumaini zaidi, na mafundisho yakapata mpango. Lakini kila faida ina kivuli chake. Mwalimu aliyekula kwa kijiji alikitazama kijiji. Mwalimu aliyelipwa kwa ripoti aliitazama ripoti. Polepole mwenye kuhojiwa juu ya shule hakuwa tena mzee wa barazani bali karani wa ofisini.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni wazazi wenyewe walitafuta njia ya kurudi. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuundwa, ulianzishwa umoja wa wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika uliojulikana kwa jina la TAPA. Shabaha yake ilikuwa kufungua shule mahali ambapo serikali na misheni hazikutosha, kwa michango na nguvu za wazazi. Maana yake ilipita majengo yenyewe. Kwa mara ya kwanza mzazi alisimama mbele ya mwalimu, wala si kama mtu wa kuombwa idhini wala kama mtu wa kukemewa, bali kama mwenye shule. Umoja huo ndio uliokuja kuwa Jumuiya ya Wazazi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Masasi ilikuwa na askofu Trevor Huddleston, aliyefika mwaka 1960 kutoka katika mapambano dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, na akakaa hadi mwaka 1968. Mwezi Machi mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alisema kwamba shule ya kikoloni humtenga mtoto na wazazi wake, humfanya aone jembe kuwa aibu, na kwamba shule inapasa kuwa sehemu ya kijiji, yenye shamba lake na kazi zake. Wazee wa Masasi na Newala, kama wangeulizwa, wangeweza kujibu kwamba hayo ndiyo malalamiko yao ya miaka themanini.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za dini zilizopata ruzuku zilitwaliwa na serikali. Chidya, Ndanda na Ndwika, zilizokuwa za misheni, zikawa shule za taifa, wazi kwa watoto wa dini zote. Haki hiyo ilikuwa kubwa, hasa kwa Waislamu wa kusini waliokuwa wakihofu kuwapeleka watoto wao katika shule za kanisa. Lakini katika kuutwaa uongozi wa shule, serikali haikurithi mapatano ya jando, wala haikuwa na namna ya kuyarithi. Padri aliyekuwa daraja kati ya darasa na kumbi hakuwa tena na darasa. Jando na unyago vilibaki kwa familia na dini, shule ikabaki kwa serikali, na daraja likabaki bila mlinzi.

Badala yake wazazi walipewa kazi nyingine: kujenga. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote upesi, na mwaka 1977 mpango huo ukawa wa nchi nzima. Watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa katika vijiji, na kila kijiji kilitakiwa kuwa na shule. Wazazi walifyatua matofali, wakakata miti, wakaezeka. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, wengi wao katika vijiji karibu na kwao. Waliolalamika kwamba elimu ilishuka daraja walikuwa na hoja; lakini hata wao hawawezi kukana kwamba kizazi kizima kilifunguliwa macho, na kwamba hapana serikali ingaliweza kujenga madarasa yale bila mikono ya wazazi.

Mikono hiyo ilichoka baadaye. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katika miaka ya 1980, michango na ada zilirudi, na mzazi asiyekuwa na kitu alimwondoa mtoto shuleni, msichana kwanza. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001, na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002 ulizipa kamati za shule, zenye wazazi na walimu ndani yake, kazi ya kusimamia fedha zilizopelekwa shuleni. Tangu Januari mwaka 2016 ada zimeondolewa pia katika kidato cha kwanza hadi cha nne cha shule za serikali. Mzazi alibaki na wajibu wa sare, daftari na afya ya mtoto. Hapo ndipo ilipotokea ajabu ambayo historia hii yaweza kuieleza. Baadhi ya wazazi waliposikia kwamba elimu ni bure, walifahamu kwamba elimu si yao tena. Mtu aliyezoea kuitwa shuleni kwa ajili ya mchango tu, mchango ukiondolewa, haoni kwa nini aitwe.

Na swali la kale halijaondoka. Hata katika miaka ya karibuni, viongozi wa kusini wameagiza kwamba jando na unyago vifanywe wakati wa likizo, na kwamba mafundisho ya unyago yalingane na umri wa mtoto. Agizo la likizo ni la busara. Ni sharti lile lile la zamani, kwamba kalenda ya kijiji na kalenda ya shule zikae pamoja. Lakini agizo si mapatano. Msimu wa korosho unapofunguka mwishoni mwa mwaka, fedha huingia nyumbani, sherehe hupangwa, na mikono ya watoto huhitajika kuokota korosho mashambani. Tangazo lililobandikwa ubaoni haliwezi kushindana na hayo. Anayeweza ni mtu aliyekaa na wahusika kabla ya msimu, akawauliza, akawasikiliza.

Mwezi Novemba mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ajili ya kuzaa wanaruhusiwa kurudi shuleni. Tangazo hilo lilifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa miongo mingi, lakini kuingia mlangoni ni jambo jingine. Ili msichana mwenye mtoto mchanga akae darasani, lazima awepo wa kumshika mtoto huyo; naye katika nyumba nyingi za Masasi na Newala ni bibi, yule yule mwenye neno katika unyago, ambaye tangu siku za Lucas hakuitwa katika mazungumzo. Akikataa, sheria haina nguvu ya kumlazimisha. Akikubali, binti husoma. Na ili akubali, mwalimu sharti aende kwake, akae mkekani, aeleze, na asikilize pia anayoambiwa.

Basi haya ndiyo mafunzo ya karibu karne moja na nusu. Shule iliyojifanya mzazi ilipata watoto wasio na watu. Shule iliyogombana na nyumba ilipata madawati matupu. Shule iliyopatana na wajomba ilipata wavulana, na ile isiyowauliza wanawake ikawakosa mabinti. Wazazi walipoitwa kujenga, walijenga. Walipoitwa kulipa, waliolemewa walikimbia. Na walipoachwa kuitwa, walikaa majumbani. Katika kila hatua swali lililoamua mambo halikuwa ubora wa vitabu wala unene wa kuta, bali ni nani aliyeulizwa. Mjomba alipata nafasi yake barazani baada ya miaka mingi. Nafasi ya bibi ingali wazi, na mtoto wa binti yake angali mgongoni mwake.